Fidla Begani: Egemeo Linatakiwa au Halitakiwi?

Fidla ni ala yenye uzito unaokaribia nusu kilo, isiyo na mkanda wa kuvaliwa kama gita wala mgongo wa kupakatwa kama udi, na kwa hiyo jambo la kwanza linalomkabili anayejifunza kuipiga si noti wala upinde, bali ni mahali pa kuiweka. Kwa desturi iliyoenea zaidi duniani, ala hiyo hukaa juu ya mtulinga, yaani ule mfupa mwembamba unaotoka chini ya koo kuelekea ncha ya bega, kisha taya la kushoto hushuka na kuituliza kwa juu. Kati ya mifupa hiyo miwili mna nafasi ambayo kwa watu wengine hujazwa na fidla yenyewe bila kusaza, na kwa wengine hubaki wazi kiasi cha kumlazimisha mpigaji ainue bega au akunje shingo ili ala isianguke. Kifaa kilichobuniwa ili kuijaza nafasi hiyo kwa upande wa chini ndicho kinachoitwa hapa egemeo la bega: ni kibao chembamba kilichopindwa kufuata umbo la bega, kikavishwa sponji, nacho kina miguu miwili yenye mipira ambayo hubana kingo za mgongo wa fidla na ambayo huweza kurefushwa au kufupishwa kwa skrubu.

Juu ya kifaa hiki kidogo walimu wa fidla wamegawanyika kwa muda mrefu. Wapo wasemao kwamba mwanafunzi asianze somo kabla ya kufungiwa egemeo, kwa kuwa bila hilo atajikunja mpaka aumie. Na wapo wasemao kwamba egemeo humfunga mpigaji mahali pamoja, likamzoesha kuibana ala kwa taya kana kwamba inataka kuporwa, tena likamnyima kuisikia sauti yake ikitetema mfupani. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na pande zote mbili zina mashahidi wa kuaminika. Jascha Heifetz, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa wapiga fidla hodari kuliko wote wa karne ya 20, hakutumia egemeo. Anne-Sophie Mutter wa Ujerumani naye hupiga bila ya kifaa hicho. Ilhali Hilary Hahn wa Marekani, ambaye usahihi wa vidole vyake hauna mshindani, hulitumia. Ikiwa mabingwa wa daraja hiyo hawakukubaliana, basi jina la bingwa haliwezi kuwa hoja ya kumfanya mwanafunzi wa Malindi au Kilifi anunue egemeo wala ya kumfanya alitupe. Kosa la pande zote mbili ni kwamba huuliza habari za kifaa kabla ya kuuliza habari za shingo ya mpigaji, nguo aliyovaa na muziki anaokusudia kuupiga.

Swali hilo la muziki lina uzito wa pekee katika mwambao wa Afrika Mashariki, kwa sababu fidla ilifika huku kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni taarab, ambayo katika Unguja ilipokea ala na mitindo yake mingi kutoka Misri tangu enzi za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Na vyama vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club, kilichoanzishwa 1958, vilijenga sauti yao juu ya safu ya fidla zinazoongoza wimbo pamoja na ganuni, udi na akodioni. Upande wa Kenya, kutoka Lamu hadi Mombasa kwa kupitia Malindi, fidla haikupata kutawala kwa kiasi hicho, kwani huku udi, kinanda, na baadaye vyombo vya umeme ndivyo vilivyobeba karamu za arusi, na Mombasa ikatia humo mapigo na lahani za Kihindi. Mlango wa pili ni mafunzo ya muziki wa Ulaya, yanayofuata vitabu, mitihani ya madaraja na okestra, ambayo nchini Kenya makao yake ya zamani ni chuo cha Kenya Conservatoire of Music kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1944, na ambayo katika miaka ya karibuni yamewafikia watoto wa mitaa ya kipato cha chini kwa mradi wa Ghetto Classics ulioanza Korogocho mwaka 2008. Kijana wa pwani anaweza kuingia kwa mlango wowote kati ya hiyo miwili, na pengine kwa yote miwili kwa wakati mmoja, bila mtu kumwambia kwamba kila mlango una namna yake ya kuikalisha fidla mwilini.

Egemeo lenyewe ni kitu cha juzi. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, wageni hao waliandika habari za siwa mbili za pembe za ndovu zilizopulizwa mbele yao, na wakati huo fidla kwa umbo lake la sasa ilikuwa haijazaliwa. Ilikuja kutengenezwa katika karne ya 16 kaskazini mwa Italia, hasa Cremona alikofanya kazi Andrea Amati, katika nchi ambayo lugha yake leo husikika katika maduka na mikahawa ya Malindi kama lugha ya jirani. Kwa zaidi ya karne mbili baada ya hapo, wapigaji waliiweka kifuani, au chini kidogo ya mtulinga, au juu yake, pasipo kifaa chochote. Mjerumani Louis Spohr ndiye aliyebuni, kiasi cha mwaka 1820, egemeo la kidevu, yaani kile kisahani cha mbao kinachofungwa juu ya fidla ili taya lipate pa kutulia. Na Mfaransa Pierre Baillot, katika kitabu chake cha mafunzo cha 1834, alishauri kwamba pengo la chini lizibwe kwa leso au kijito. Kibao chenye miguu ya kurekebishwa, kinachofanana na vile vinavyouzwa madukani siku hizi, kilienea kuanzia miaka ya 1970 kwa kazi ya fundi Joseph Kun wa Ottawa, Kanada. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya muziki unaosifiwa wa fidla ilitungwa na kupigwa na watu ambao hawakupata kukiona.

Wala si kweli kwamba bega ndiyo sehemu pekee ya mwili inayoweza kuipokea ala hii. Katika muziki wa Karnatiki wa kusini mwa India, mpigaji huketi chini na kukunja miguu, akakilaza kichwa cha fidla juu ya kifundo cha mguu wa kulia na kuuegemeza mwili wake kifuani, hata ala ikashikwa na sehemu mbili za mwili na mkono wa kushoto ukabaki huru kuteleza juu na chini ya waya kama maji. Nchini Morocco, wapigaji wa muziki wa Andalusi huisimamisha wima juu ya paja. Na hapa Kenya, Wajaluo wanayo orutu, ala ya waya mmoja inayopigwa kwa upinde, ambayo hushikwa mbele ya mwili wala haifiki begani. Watu hao wote walitazama kwanza jinsi wanavyoketi na jinsi wimbo wao unavyotembea, kisha wakaipa ala mahali pake, na huo ndio utaratibu unaostahili kufuatwa hata na yule aliyekwisha kuamua kuishika kwa mtindo wa Ulaya.

Kipimo cha kwanza, basi, ni mwili. Mpigaji asimame mbele ya kioo, mabega yakiwa yamelegea kama ya mtu aliyetua mzigo, uso ukitazama mbele, kisha mtu wa pili amwekee fidla juu ya mtulinga bila yeye mwenyewe kuipokea kwa kuinua bega. Hapo kitaonekana kitu ambacho mafunzo mengi hukiruka, yaani umbali uliobaki kati ya taya na kisahani cha kidevu. Kwa mtu mwenye shingo fupi, taya huweza kugusa kisahani kwa kuinamisha kichwa kidogo tu, mfano wa mtu anayeitikia salamu, na mtu huyo akiongezewa egemeo refu atakuwa ametengenezewa tatizo ambalo hakuwa nalo, kwani fidla itapanda mpaka imsukume kichwa upande wa kulia na mkono wake wa upinde ulazimike kunyanyuka juu kama wa mtu anayeangua embe. Kwa mwenye shingo ndefu pengo litabaki wazi, na kila akijaribu kulifunga kwa bega misuli ya shingo itakaza, na maumivu yatafuata, kwanza usiku baada ya mazoezi na hatimaye hata kabla ya kuanza.

Hata hivyo pengo huwa na pande mbili, juu na chini, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mpigaji akiliona pengo hukimbilia kununua egemeo la bega, ambalo huinua fidla yote kutoka mwilini, ilhali mara nyingi kilichohitajika ni kisahani cha kidevu kilicho kirefu zaidi, ambacho huziba pengo kwa juu na kuiacha ala itulie pale pale juu ya mfupa. Visahani hivyo vina maumbo mengi: vipo vinavyofungwa kushoto kwa kishikio cha nyuzi, na vipo vinavyokaa katikati juu yake, ambavyo huwafaa watu ambao taya lao huangukia hapo kwa asili, na fundi seremala mwenye mkono mwepesi anaweza kuongeza kipande cha mbao au kizibo chini ya kisahani kilichopo ili kukiinua, mradi kisiguse ubao wa juu wa fidla mahali pasipostahili. Kanuni inayofaa kushikwa ni kwamba taya lihudumiwe kwanza, na bega lifuate kwa kile kilichosalia.

Kipimo cha pili ni nguo na hewa, navyo ni vitu ambavyo vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi havivitaji. Mshauri wa Ulaya humfikiria mpigaji aliyevaa shati zito na koti lenye mabega yaliyotiwa pamba, na koti la namna hiyo tayari ni egemeo; ndiyo sababu wapigaji wa taarab wanaopanda jukwaani kwa suti hawahisi upungufu mkubwa. Yule aliyevaa kanzu nyepesi hana kitu kati ya mbao na mfupa ila kitambaa laini, tena kitambaa hicho huteleza, na jasho la Machi, wakati kaskazi imelegea na kusi haijaanza, hukifanya kigandane mahali pamoja na kuteleza mahali pengine. Kwa mwanamke aliyevaa buibui na mtandio hali huongezeka, kwa kuwa nguo huwepo pande zote mbili za fidla, begani na chini ya taya, na mtandio wa hariri bandia hukifanya kisahani kiteleze kama sabuni. Na jambo hili si dogo katika mwambao ambao una kundi la taarab kama Tausi la Unguja, lililoanzishwa 2009 na Mariam Hamdani, ambamo wanawake hawaimbi tu bali hupiga ala zote wenyewe. Dawa yake ni rahisi: mtandio wa pamba usioteleza kwa siku za kupiga, pini ya ushungi ihamishiwe upande wa kulia isije ikachuna vanishi, na kitambaa chembamba cha ngozi laini au cha pamba kiwekwe juu ya kisahani.

Egemeo lenyewe nalo hupata taabu katika hewa hii. Mipira ya miguu yake hukauka kwa joto na chumvi, ikapasuka, na pindi inapopasuka chuma kilicho ndani hugusa kingo za fidla na kuacha alama ambazo hakuna vanishi itakayoziondoa. Kwa hiyo kila anayelitumia anapaswa kuikagua mipira hiyo mara kwa mara na kuibadilisha mapema, kwa kukata kipande cha mpira mwembamba wa bomba ikiwa hakuna cha dukani. Egemeo lisiachwe likiwa limefungwa kwenye ala baada ya kupiga, kwani huikandamiza bila faida, na fidla nzima isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa gundi ya asili inayoshikilia mbao zake hulainika kwa joto na viungo vikafumuka, na kutoka hapo mjadala wa bega hauna maana tena.

Kwa wengi wa pwani, lakini, kabla ya kibao cha kununua ipo njia ya mkato ambayo si ya unyonge hata kidogo, nayo ni kijito. Kipande cha sponji kutoka kwa fundi wa magodoro, kilichokatwa kwa unene wa vidole viwili na kuchongwa kwa kisu kikali upande mmoja uwe mnene na mwingine mwembamba, hufungwa mgongoni mwa fidla kwa mpira wa kubania karatasi uliopitishwa kwenye kona ya ala na kuvutwa mpaka kwenye kitufe cha chini, na kikishapatiwa mahali pake hukaa bila kuhama. Fundi cherehani naye anaweza kushona kijito cha kanga kuukuu, upana wa kiganja, na kukijaza sufi, ile pamba ya mti wa msufi ambayo nyumba nyingi za mwambao zimeilalia kwa vizazi. Sufi ina sifa ya kujinyosha baada ya kubanwa, ijapokuwa baada ya miezi kadhaa huvimba upande mmoja na kutaka kutolewa, kuchambuliwa na kurudishwa. Uzuri wa kijito ni kwamba hupunguzwa na kuongezwa kwa gharama ya uzi na sindano, na kwa mtoto anayehama kutoka fidla ya robo kwenda ya nusu, na kutoka hapo hadi ya robo tatu, kinamwondolea mzazi mzigo wa kununua egemeo jipya kila mtoto anaporefuka.

Kipimo cha tatu ni kazi ya mkono wa kushoto. Katika muziki wa Ulaya vidole huhama kutoka sehemu ya chini ya shingo ya ala hadi ya juu na kurudi, na hatari hutokea wakati wa kurudi, kwa maana mkono unaposhuka kuelekea kichwa cha fidla huivuta ala nje ya mwili. Mwenye egemeo huishikilia kwa bega na taya, na asiye nalo hana budi kujifunza kutambaza kidole gumba kwanza na kukiacha kiganja kifuate, ufundi ambao huchukua muda na unahitaji mwalimu anayeujua. Katika taarab hali ni nyingine, kwani nyimbo nyingi hukaa katika sauti za chini na kati, na urembo wake hautafutwi katika kuruka juu bali katika kutelezesha kidole, kuivunja noti na kuitetemesha, tena mpigaji huwa ameketi kitini kwa saa nyingi za usiku, si amesimama mbele ya okestra kwa dakika 30. Mtu wa namna hiyo hufaidika na fidla inayoweza kusogea kidogo, ikapanda na kushuka kwa pumzi yake, na egemeo gumu huweza kumchosha kuliko kumsaidia. Kijana anayejiandaa kwa mtihani wa daraja za juu, kwa upande mwingine, hana sababu ya kujitesa kwa ajili ya fahari ya kupiga begani patupu.

Kuhusu sauti yenyewe mengi husemwa na machache huthibitika. Ni kweli kwamba ubao wa mgongo wa fidla hutetema, na kwamba kijito kinachougusa moja kwa moja hupunguza mtetemo huo kwa kiasi fulani, ilhali egemeo la miguu huuacha ubao huru lakini hubana kingo zake. Ni kweli pia kwamba asiye na chochote huisikia ala kupitia mfupa, na hivyo huiona ina sauti nene kuliko inavyofika kwa wasikilizaji. Njia ya kulimaliza shauri ni mpigaji kupiga wimbo ule ule mara tatu, kwa egemeo, kwa kijito na bila chochote, na msikilizaji akae chumba cha pili asione. Mara nyingi msikilizaji huyo atatofautisha siku ambayo mpigaji alikuwa amelegea na siku aliyokuwa amekaza, na hatatofautisha vifaa.

Kwa hiyo anayeanza leo katika pwani hii asianzie dukani. Afunge kisahani cha kidevu kinacholingana na taya lake, aweke kijito cha sponji au cha sufi akipunguze taratibu hadi pengo lizibike bila bega kuinuka, na apige hivyo kwa mwezi mzima akiwa amevaa nguo anazovaa kila siku. Ikiwa bado fidla yamwanguka anaposhuka kutoka sauti za juu, hapo ndipo atafute egemeo la miguu, na alijaribu begani kabla ya kulilipia. Ganzi ya vidole, maumivu ya shingo yanayoshuka mkononi, au jeraha la ngozi chini ya taya lisilopona, si dalili za bidii, bali ni sababu ya kuiweka fidla chini na kumwona daktari kabla ya kumwona mwalimu.